Watu wazima, vitabu na mbalamwezi: kutoka Ukerewe hadi Newburg

Niko Newburg, hapa Louisville. Najua nimeadimika. Zamu za usiku zimeniandama tangu mwezi uliopita, na wenzangu mnaobeba boksi huku ughaibuni mnaelewa: ukitoka kazini saa moja asubuhi, kitanda kinakuita kabla hujavua viatu. Leo nimeamka mapema kwa sababu ya mfuko wa plastiki ulioko juu ya meza yangu ya jikoni.

Mfuko huo aliuleta Jumapili mama mmoja jirani yangu. Ni mtu wa Uvira, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili ndicho kimetuunganisha. Anafanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee. Ndani ya mfuko mna vitabu viwili vya hesabu, daftari moja na kalamu tatu za risasi, vyote nilivyompa mimi mwenyewe. Akaniambia, "Dada, mi nachoka. Hii mahesabu haiko ya mutu wa miaka yangu."

Kwa wasiojua, anajiandaa kwa mtihani unaoitwa GED. Ni mtihani wa mtu mzima ambaye hakumaliza sekondari. Akiufaulu anapata cheti kinachohesabika sawa na cha sekondari. Masomo ni manne: lugha, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, na kila somo linataka alama 145. Huyu mama ameshafaulu matatu, kwa kusoma mwenyewe, usiku, baada ya kazi. Hesabu amekaa mara mbili na mara zote mbili amepata 141. Bila cheti hicho hawezi kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, nao uuguzi ndiyo ndoto aliyoanza nayo tangu kambini, alipokuwa akiwasaidia wakunga.

Sikumjibu la maana siku ile. Nilimpa chai tu. Lakini tangu Jumapili nimekuwa nikiwaza: hivi sisi watu wazima tunaosoma usiku, mbali na shule, mbali na mwalimu, tulianza lini? Na waliotutangulia walivukaje? Nimechimba kidogo, na ninachokiona kimenifundisha jambo ambalo nilipaswa kumwambia mama yule palepale. Haya basi, tuanzie hapahapa Kentucky.

Mashariki ya jimbo hili, kwenye milima, kuna wilaya inayoitwa Rowan. Mwanzoni mwa karne iliyopita msimamizi wa shule zake alikuwa mwanamke, Cora Wilson Stewart. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia habari za mama mmoja wa milimani aliyekuwa akimjia ofisini na barua. Binti wa mama huyo alikuwa amekwenda kutafuta maisha Chicago. Mama hakujua kusoma, hivyo kila barua ilipofika aliibeba hadi kwa Stewart asomewe, kisha aandikiwe majibu. Baadaye akapotea kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na barua ile ya binti, lakini safari hii alikuja kusema kwamba ameisoma mwenyewe na kuijibu mwenyewe. Vijito vya milimani vilikuwa vikijaa maji na kumzuia kuvuka, barua zinakaa ndani hazina wa kuzisoma, mpaka akachoka. Akanunua kitabu cha kujifunzia herufi, akakesha nacho usiku hadi usiku akajua.

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kidogo. Ni nani kati yetu huku nje asiyemjua mama wa namna hiyo? Mtoto yuko mbali, mawasiliano yako mikononi mwa mtu mwingine, na siri zote za nyumba zinapitia kwa jirani.

Stewart naye hakusahau. Tarehe 5 Septemba 1911 alifungua shule za usiku kwa watu wazima wilayani Rowan, katika majengo yaleyale waliyosomea watoto mchana. Walimu walijitolea. Walichagua usiku wenye mbalamwezi, kwa sababu njia za milimani zilikuwa mbovu na watu walihitaji mwanga wa kutembelea, na ndiyo maana zikaitwa Shule za Mbalamwezi. Walitarajia watu 150. Walikuja zaidi ya 1,200, mkubwa wao akiwa na miaka 86. Nao hawakupewa vitabu vya watoto. Stewart aliwatengenezea gazeti dogo lenye habari za wilaya yao wenyewe, ili mtu mzima asione haya kusoma sentensi za kitoto. Mwaka 1914 jimbo la Kentucky likaunda tume maalumu ya kupambana na ujinga wa kutojua kusoma.

Sasa turudi mjini Louisville, maana mjini kulikuwa na mlima wa namna nyingine. Mwaka 1904 Kentucky ilipitisha sheria iliyokataza weusi na weupe kusoma katika shule moja. Mwaka uliofuata, 1905, likafunguliwa hapa Louisville tawi la maktaba ya umma kwa ajili ya watu weusi, likianzia katika vyumba vya kupanga. Lilikuwa la kwanza Marekani kuhudumia watu weusi huku wafanyakazi wake wote wakiwa weusi. Mkuu wake alikuwa Thomas Fountain Blue. Mwaka 1908 wakahamia katika jengo lao, lililojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, na jengo hilo lipo hadi leo. Blue hakuishia kuazimisha vitabu. Alianzisha pale mafunzo ya kuwaandaa weusi kuwa wakutubi, wakati ambapo milango mingi ya mafunzo hayo ilikuwa imefungwa kwao. Palikuwa mahali pa kusoma, lakini pia mahali pa kuonana.

Na huku kwetu Newburg? Wengi tunaopanga vyumba hapa hatujui tunakanyaga ardhi ya nani. Mwaka 1851, watumwa wakiwa bado wananunuliwa na kuuzwa Kentucky, mwanamke aliyezaliwa mtumwa, Eliza Tevis, pamoja na mumewe Henry, walinunua ekari 40 katika eneo hili lililokuwa msitu wa majimaji. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliotoka utumwani wakaendelea kujenga hapa, na sehemu moja ikaitwa Petersburg kwa jina la Peter Laws, mmoja wa walioachwa huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 General Electric wakafungua jirani kiwanda kikubwa cha majokofu na mashine za kufulia, kikaleta ajira nyingi. Tawi la maktaba ya umma hapa Newburg lilifunguliwa mwaka 2009. Ndipo huyu mama jirani alipokopa kitabu chake cha kwanza cha GED.

Huo mtihani wa GED nao una historia yake. Ulianzishwa mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili. Vijana wengi walikuwa wameacha sekondari na kwenda jeshini. Wakubwa wakajiuliza: mtu wa miaka 25 aliyerudi vitani akiwa amejua mambo mengi, utamrudishaje akae dawati moja na mtoto wa miaka 16? Jibu likawa mtihani. Hawakuulizi ulikaa darasani miaka mingapi, wanakuuliza unajua nini. Baadaye ukafunguliwa kwa raia wote. Mimi naona ni wazo la haki sana. Ila lina shimo lake: mtihani unakupimia ulichonacho, haukupi mwalimu.

Shimo hilohilo lilikuwa katika elimu kwa njia ya posta. Mwingereza Isaac Pitman alianza mwaka 1840 kufundisha hati mkato kwa posta: wanafunzi wanamtumia kazi, yeye anasahihisha na kuwarudishia. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu mtu afanye mitihani yake bila kusoma chuoni hapo, na kupitia mlango huo watu wengi wa makoloni walipata shahada wakiwa makwao. Kwetu Afrika Mashariki mfano ninaoupenda ni Tom Mboya, maana naye alianzia kwenye kazi za afya. Alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi, mchana anakagua usafi, jioni anafanya masomo ya posta ya chuo cha Afrika Kusini. Mwaka 1955 akapata nafasi ya kwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford. Huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mstari wa mbele kuandaa ndege iliyoleta vijana wa Kenya kusoma Marekani mwaka 1959.

Lakini tusidanganyane. Kwa kila Mboya mmoja, ni bahasha ngapi zilizolala chini ya godoro hazijafunguliwa? Nawajua watu wa namna hiyo. Nami nimewahi kuwa mmoja wao.

Kabla ya kufika huko, nimtaje bibi yangu. Bibi ni wa Ukerewe, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutosoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Bibi alikuwa na watoto wanne na shamba la mihogo. Alikuwa akituambia kwamba darasa lilikuwa chini ya mwembe, jua likianza kupoa, kwa sababu asubuhi watu wako shambani na giza likiingia hakuna taa. Vitabu vya kisomo vya Kanda ya Ziwa viliandikwa kwa mambo ya huko: kilimo cha pamba, uvuvi, ufugaji. Bibi alijifunza herufi kwa maneno aliyokuwa akiyasema kila siku.

Matokeo ya nchi nzima yanajulikana. Mwaka 1967, Watanzania watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, na asilimia hiyo ikaonekana imeshuka hadi 39. Mwaka 1977 ikawa 27. Mwaka 1972 nchi ilikuwa imeshaanzisha pia elimu kwa njia ya posta, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Na mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Mimi kama muuguzi naivulia kofia. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio ilikuwa mbali, Dar es Salaam, lakini kikundi kilikuwa hapo kijijini, na mwenzako akikosekana inajulikana.

Nilimuuliza bibi siku moja, kabla hajafariki, kama hakuwahi kutaka kuacha. Akacheka. Akasema aliacha mara mbili. Mara zote mbili shoga yake alikuja na kusimama mlangoni na ubao wake kwapani, hasemi kitu, anasubiri tu. Bibi akaona haya, akabeba wake wakaenda.

Ndugu zangu, shikeni hapo, maana ndipo ninapotaka kufika.

Wanaosoma kwa mbali nyumbani Tanzania wanalijua hili. Kuna anayeanza na Mtihani wa Maarifa, wenyewe tunauita QT, kisha anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna aliyejiunga na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo mwaka 1994, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hicho kilijijengea vituo mikoani. Kwa nini vituo, wakati masomo ni ya mbali? Kwa sababu mtu anahitaji mahali pa kwenda, pa kufanyia mtihani, na pa kukutana na wenzake wanaoumwa ugonjwa uleule.

Sasa nije kwangu. Nilifika Marekani mwaka 2014 na stashahada yangu ya uuguzi. Hapa karatasi hiyo peke yake haikufanyi muuguzi. Lazima vyeti vyako vikaguliwe, ufanye mtihani wa Kiingereza, halafu ukae NCLEX, mtihani wa leseni. Mtihani huo ulianza mwaka 1982, ukiandikwa kwenye karatasi, na tangu mwaka 1994 unafanywa kwa kompyuta inayokupima unavyokwenda: ukijibu vizuri inakupa swali gumu zaidi, ukikosea inashusha. Ikishakuwa na uhakika juu yako, kufaulu au kufeli, inazima. Nilipoufanya mimi maswali yalikuwa kati ya 75 na 265. Tangu Aprili 2023 umebadilishwa, sasa ni kati ya 85 na 150, na kuna visa vya wagonjwa vya kuchambua.

Miaka mitatu nilikuwa msaidizi wa wauguzi, nikigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, vitabu vimejaa chini ya kitanda. Nilisoma peke yangu. Nilijivunia kusoma peke yangu! Sikumwambia mtu, ili nikifeli asijue mtu. Mwaka 2017 nikaenda. Kompyuta ilizima kwenye swali la 112, nikafeli. Nililia ndani ya gari kwenye maegesho mpaka vioo vikafunga ukungu. Na kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu, hapakuwa na wa kumpigia simu.

Ukifeli unasubiri siku 45 ndipo urudi. Mimi nilisubiri miezi minane. Kilichonitoa hapo si kitabu kipya. Ni dada mmoja Mkenya wa Columbus, Ohio, tuliyefahamiana kwenye msiba. Naye alikuwa amefeli. Akaniunganisha na Mtanzania mwingine wa Buffalo, New York. Tukawa watatu, hatujawahi kukaa meza moja, lakini kila Jumanne saa tatu usiku tunaunganisha simu. Kila mmoja analeta maswali kumi, na lazima aeleze kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini yale matatu mengine si sahihi. Kwa Kiswahili! Hapo ndipo nilipogundua kuwa mambo ya potasiamu na moyo nilikuwa nimeyakariri tu kwa Kiingereza, sikuwa nimeyaelewa. Usipotokea Jumanne, saa tatu na dakika tano simu inalia: "We, uko wapi?" Mwaka 2018 tulifaulu wote watatu. Shahada yangu ya uuguzi, niliyoimaliza kwa njia ya mtandao mwaka 2022, niliisoma kwa utaratibu uleule.

Basi hilo ndilo ninaloliona nikipanga mambo haya pamoja. Tunasema mtu "amejisomea", na ni kweli kwamba hakuna anayeweza kukusomea. Lakini yule mama wa milimani alikuwa na binti anayesubiri jibu Chicago. Watu wa Rowan waliongozana njiani chini ya mbalamwezi. Bibi alikuwa na shoga mlangoni. Walipewa saa inayolingana na kazi zao, na maneno yanayolingana na maisha yao. Na juu ya hayo alikuwepo mtu ambaye angejua kama hawakuja. Siku hizi masomo ya mbali yanatupa vitabu vingi, video nyingi, maswali maelfu kwenye simu. Hicho cha mwisho mtandao hautupi kirahisi, lazima tupeane wenyewe.

Na ndipo ninapojilaumu. Nilimpa jirani yangu vitabu viwili, daftari na kalamu tatu, nikaona nimemsaidia. Kumbe nilimpa bahasha ya posta. Sikuwahi hata siku moja kukaa naye tukafanya hesabu moja. Mtu anayepata 141 mara mbili hakosi akili. Amebakiza alama 4. Nilipofungua daftari lake jana niliona kosa ni lilelile kila ukurasa: sehemu. Akigawanya sehemu kwa sehemu anasahau kugeuza ile ya pili. Hilo si jambo la umri, ni jambo la jioni mbili tatu na mtu wa kukuonyesha kwa vipimo vya sabuni anavyovijua yeye kule kufuani.

Kwa hiyo leo jioni kabla sijaenda kazini nitashuka ngazi na mfuko huu. Sitahubiri. Nitasimama mlangoni kama shoga wa bibi. Sijui kama atanifungulia, na akifungua sijui kama atataka. Tukikubaliana, zamu yangu ya Jumanne nitaibadilisha, maana Jumanne naijua ilivyonivusha.

Nawe unayesoma hapa, uliyeficha vitabu chini ya kitanda, iwe ni QT, GED, NCLEX au Chuo Kikuu Huria, niambie: nani anajua kwamba unasoma? Kama jibu ni hakuna, anza na hapo. Mwambie mtu mmoja leo. Na kama unaye jirani uliyempa kitabu, kagonge mlango wake.

Maoni yenu nayasubiri. Ya jirani yangu nitawajulisha, Mungu akipenda.